Kutengeneza filamu ya mauaji ya kihistoria: kutoka kwenye nyaraka hadi uwanja wa kijiji

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kamera, bajeti ndogo na hadithi nzito. Huenda unataka kutengeneza filamu ya dakika arobaini kuhusu Majimaji, vita vya kusini mwa Tanganyika dhidi ya Wajerumani, kipindi cha redio kuhusu mauaji ya Lari nchini Kenya, au video ya mtandaoni kuhusu mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Mfano wangu mkuu utakuwa Majimaji, kwa kuwa kila aliyesoma Tanzania anadhani anaijua. Mingine nitaichomekea inapofaa.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Wengi wakiambiwa watende haki hufikiria mizani: huyu dakika kumi, na yule kumi. Hiyo ni haki ya refa. Kwenye mauaji, mtazamaji anatakiwa atoke akijua nani alifanya nini, aliwafanyia akina nani, kwa amri ya nani, na wewe mtengenezaji umeyajuaje hayo yote. Hatua zote zilizo hapa chini zinafuata maswali hayo manne.

Hatua ya kwanza: punguza hadithi

Usitengeneze filamu ya "Vita vya Majimaji". Vita hivyo vilianza Julai 1905 huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kulima. Vikaenea Kilwa, Liwale, Mahenge, Ungoni na kwingineko, vikagusa makabila zaidi ya ishirini, na masalia yake yakazimwa 1907. Ukijaribu kuyabeba yote kwa dakika arobaini utatoka na somo la darasa la saba lenye muziki wa huzuni.

Chukua kipande. Unaweza kuchukua shambulio la boma la Mahenge la tarehe 30 Agosti 1905, au kunyongwa kwa viongozi wa Kingoni pale Songea Februari 1906. Lakini mimi ningekushauri uchukue njaa. Vita ilipokuwa ikiendelea, majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji na maghala, yakateketeza mashamba na kuchukua mifugo, na watu waliokufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Hata hivyo karibu kila anayeigusa Majimaji hukimbilia bunduki ya rashasha na watu wanaokimbia wakipiga kelele "maji! maji!". Bunduki ina mlio mzuri. Ghala tupu halina mlio wowote, na hapo ndipo kipaji chako cha uongozaji kitapimwa.

Ukishachagua kipande, andika kwa sentensi moja kinahusu nini, mahali gani, kuanzia lini hadi lini. Sentensi ikikushinda, bado hujapunguza vya kutosha.

Hatua ya pili: kusanya nyaraka, kisha jiulize ziliandikwa na nani

Nyaraka za serikali ya Kijerumani zipo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na nyingine zipo Ujerumani. Gavana wa wakati ule, Gustav Adolf von Götzen, alichapisha kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Wamisionari nao waliacha shajara na barua. Kwa Kiswahili kuna utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliotungwa na mtu wa pwani ambaye hakuwa upande wa wapiganaji. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu Dar es Salaam waliingia vijijini wakakusanya simulizi za wazee, wakati baadhi ya waliokuwa vijana mwaka 1905 walikuwa bado hai. Hazina hiyo haitapatikana tena, kwa hiyo ianze hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa kila hati andika pembeni mambo matatu: nani aliandika, alikuwa na faida gani kuandika hivyo, na je, alikuwepo. Zoezi hili linachosha, lakini ndilo linalokuokoa. Mfano bora unatoka Kenya. Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya Hola, wafungwa kumi na mmoja walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokuwa wamekunywa. Uchunguzi wa vifo ndio ulioonyesha kwamba walikufa kwa kipigo cha askari magereza. Mtengenezaji aliyeishia kwenye taarifa ile, yenye muhuri na kila kitu, angetengeneza filamu ya maji machafu.

Usidhani pia kwamba kisichokuwepo kwenye jalada hakikutokea. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau wa Kenya, waliodai kuteswa na wakoloni kambini, ilipokuwa ikiendelea London, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya majalada ya makoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park. Miaka miwili baadaye ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Wazee wale walikuwa wakisema hayo hayo kwa nusu karne, na wakiitwa waongo.

Upande mwingine wa shilingi: hati ya mkosaji mara nyingine ndiyo shahidi wako mkuu. Mwaka 1905 Kapteni Wangenheim alimwandikia gavana kwamba njaa na dhiki tu ndivyo vitakavyowafanya waasi wasalimu amri moja kwa moja, na kwamba mapigano peke yake hayatoshi. Barua kama hiyo ina uzito kuliko mahojiano kumi, kwa sababu inakuonyesha kwamba njaa ilipangwa. Iweke kwenye skrini. Iache ikae hadi mtazamaji aimalize kuisoma.

Kwa matukio ya karibu zaidi, nenda kwenye rekodi za mahakama. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha, na kumbukumbu zake zinatunzwa huko huko. Hukumu na sehemu kubwa ya ushahidi viko wazi kwa umma. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ya tarehe 2 Septemba 1998 isome hata kama huna mpango wa kuigusa Rwanda, kwa sababu inafundisha namna ya kusimulia ukatili kwa lugha kavu isiyoongeza chumvi. Na kama unafanya kazi kwenye redio, soma ile ya 2003 iliyowatia hatiani watu wa redio ya RTLM na gazeti la Kangura, walioeneza uchochezi wa mauaji hayo. Ni watu wa taaluma yetu.

Kuhusu idadi ya waliokufa: usichague namba inayokupendeza. Serikali ya Kijerumani ilitaja 75,000 kwa Majimaji. Watafiti wa baadaye, akiwemo Gilbert Gwassa, walifika 250,000 hadi 300,000 wakihesabu na njaa. Taja zote mbili, useme ni ya nani na ilihesabu nini. Sekunde nane zinatosha. Anayesema "mamilioni" kwa sababu linasikika vizuri anampa mkanushaji zawadi, kwa kuwa mkanushaji atalikamata kosa hilo moja na kulitumia kuifuta filamu yote.

Hatua ya tatu: vibali na kubisha hodi

Hapa nitapita haraka. Tanzania Bara kibali cha kupiga filamu hutoka Bodi ya Filamu. Zanzibar wana BASSFU, baraza lao la sanaa na filamu. Kazi yako ikiwa na sura ya utafiti, waulize COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mapema. Ukishapata karatasi bado unatakiwa kupita kwa mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Usiende kijijini na gari lenye kamera juu kabla hujaenda na daladala, mikono mitupu, ukasalimia wazee na kusema unataka nini. Ukikaribishwa chai, kunywa chai. Kamera ibaki kwenye begi siku hiyo.

Kwenye makaburi na mahali pa matambiko usirushe droni bila kuuliza. Jibu linaweza kuwa hapana, na hapana hiyo usiizunguke kwa kupiga picha kutoka kilima cha jirani.

Hatua ya nne: mahojiano

Tenganisha aliyeona na aliyesimuliwa. Kwenye Majimaji hakuna shahidi aliyebaki. Una wajukuu na vitukuu. Tatizo ni kwamba mzee wa kijijini huongea kwa niaba ya ukoo. Atasema, "Sisi tulichomewa nyumba, tukakimbilia porini tukala mizizi," na yeye amezaliwa 1948. Hakudanganyi; ndivyo historia ya ukoo inavyosemwa. Kazi yako ni kuuliza taratibu: "Babu, hayo alikusimulia nani? Ulikuwa mkubwa kiasi gani? Alikuwa akisimulia wakati gani, jioni au shambani?" Majibu ya maswali haya mara nyingi ni bora kuliko hadithi yenyewe. Mtu anayekuambia kwamba bibi yake hakuwahi kutupa ukoko wa ugali hadi anakufa, na watoto walipomcheka alikuwa akinyamaza, amekupa filamu ya njaa kwa sentensi moja. Kwenye skrini mwite mjukuu. Usimwite shuhuda.

Hoji kwa lugha anayoiota. Kiswahili cha mzee wa Kimatumbi au Kingoni mbele ya kamera hugeuka Kiswahili cha mkutano wa kijiji: "Tunaishukuru serikali, kwa kweli wakoloni walitutesa sana." Mpe nafasi aseme kwa lugha yake, utafute mkalimani wa kule kule, kisha mtu wa pili apitie tafsiri bila kuiona ya kwanza.

Kama manusura yuko hai, iwe wa Zanzibar, Rwanda au mashariki ya Kongo, mambo hubadilika. Ridhaa iombwe mara mbili, kabla ya kurekodi na tena baada ya kuona kipande chake kilichohaririwa. Mwambie wazi filamu itaonyeshwa wapi, na kwamba ikishaingia mtandaoni huwezi kuirudisha. Usiulize "ulijisikiaje?". Uliza ulikuwa umesimama wapi, mlango ulikuwa upande gani, ulisikia nini kwanza. Mtu akijibu maswali ya namna hiyo anashika usukani wa hadithi yake. Kilio kikija, zima kamera kwanza, halafu ndiyo umuulize kama mnaendelea. Kuhusu ubakaji, usiuanzishe wewe.

Nauli na chakula lipa, kwa kila mtu na kwa kiwango kimoja kinachojulikana. Hadithi usinunue, maana siku moja wakili au mkanushaji atakuuliza.

Kuficha sura nako kuna ufundi. Mashahidi wengi Arusha waliitwa kwa herufi tu, JJ, OO na kadhalika, kwa sababu jina lingewafikisha kwa waliowakimbia. Watengenezaji wetu huweka kivuli usoni na kunenepesha sauti, kisha wanaacha mwembe wa uani, bangili za mama na bati la kijani la jirani vikionekana vizuri. Mtazamaji wa Berlin hatamjua. Wa kijiji cha pili atamjua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, na ni huyo unayemficha. Mrekodi ndani, ukuta mtupu, bila bangili, na mswada usitaje ana watoto wangapi.

Watafute pia watu wa upande wa pili. Bunduki nyingi za Mjerumani zilishikwa na askari Waafrika: Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na wengineo, pamoja na ruga-ruga waliokodiwa. Wajukuu wao wanaishi mitaa ile ile. Filamu inayomwonyesha Mzungu mmoja mwenye kofia akifanya yote peke yake ni rahisi kuitengeneza, na si kweli. Ila ukimpata mjukuu wa askari, usimketishe kizimbani. Muulize babu yake alifikaje kwenye jeshi lile, alilipwa nini, na nyumbani yalizungumzwaje.

Hatua ya tano: mswada

Chukua mswada wako wa kwanza na kalamu nyekundu. Pigia mstari kila sentensi ambayo watu wanakufa bila mtu kuwaua. Nakuonyesha mfano wa aina ninayokutana nayo kila mara:

"Katika kipindi hicho kigumu, wenyeji wengi walipoteza maisha kutokana na njaa iliyoikumba nchi."

Inasikika vizuri, kwa sauti nzito yenye gitaa nyuma. Lakini njaa hiyo imetoka wapi? Imeshuka kama mvua ya mawe? Iandike upya:

"Mwishoni mwa 1905 majeshi ya Gavana von Götzen yalianza kuchoma maghala na mashamba kusini. Maofisa wake walikuwa wamemwandikia kwamba njaa itawamaliza nguvu waasi. Kufikia 1907 maelfu kwa maelfu walikuwa wamekufa."

Hakuna kivumishi kikali hata kimoja, wala "mnyama" wala "katili". Mtazamaji atayatia mwenyewe.

Kinachofuata ni kutowafanya wafu kuwa wajinga. Dawa ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, ndiyo mtego mkubwa wa filamu za Majimaji. Maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, ya kugeuza risasi kuwa maji. Ukiyaonyesha hivyo tu, ukumbi utacheka. Onyesha yalifanya kazi gani. Watu waliokuwa hawana mfalme mmoja, wengine maadui wa tangu zamani, walipata neno moja, miiko ile ile na sababu ya kusimama bega kwa bega mbele ya viboko vya akida, yule mtawala mdogo wa Wajerumani, na kodi ya kibanda. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na majuma machache tu. Vilivyofuata vilipiganwa na watu waliokwisha kuona kwamba risasi zinaua, na bado wakaendelea. Hapo ukumbi hautacheka.

Usiwafanye malaika pia. Tarehe 14 Agosti 1905 wapiganaji walimuua Askofu Cassian Spiss pamoja na mabruda na masista waliokuwa safarini naye. Kiweke kisa hicho. Kiweke mahali pake kwa tarehe na kwa ukubwa wake, bila kukihamishia mwanzo wa filamu ili kionekane ndicho chanzo cha moto. Na Wangoni, kabla ya kuwa mashujaa wa 1905, waliwahi kuwavamia majirani zao kwa miaka mingi, jambo linaloeleza kwa nini baadhi ya majirani hao hawakuwa na haraka ya kuyanywa maji. Mtaka historia safi asishike kamera.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kueleza chanzo bila kuhalalisha. Chukua Zanzibar. Huwezi kusimulia mapinduzi na mauaji ya Januari 1964 bila kutaja utumwa na mashamba ya karafuu, fujo za uchaguzi za Juni 1961 zilizoua watu 68, wengi wao Waarabu, au uchaguzi wa Julai 1963 ambamo chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura na bado kikakosa viti vya kuunda serikali. Ukiyaacha, mauaji yanaonekana kichaa kilichozuka tu. Ila ukiyapanga yote mfululizo halafu ukakata moja kwa moja kwenye maiti, umetengeneza hesabu ya kujumlisha: haya jumlisha haya, jibu ni hili, walistahili. Dawa ninayoijua ni ya uhariri. Kati ya chanzo na mauaji, ingiza nyumba moja. Familia ya Kiarabu ya shamba, duka la Mhindi, watu wa kawaida wenye majina ambao hawakuwa na kiti bungeni wala mtumwa, na siku yao ya tarehe 11 Januari, mkesha wa mapinduzi. Halafu ndiyo uendelee. Hilo halifuti dhuluma ya kale hata chembe, ila mtazamaji hawezi tena kusema "Waarabu" kama anayetaja mbu.

Hatua ya sita: picha za kumbukumbu

Kila picha ya zamani ina mtu aliyekuwa nyuma ya kamera, na mara nyingi mtu huyo alikuwa upande wa wenye bunduki. Zile picha za wafungwa waliofungwa minyororo shingoni zilipigwa na wenye minyororo. Ukizitumia, taja mpigaji na mwaka kama vinajulikana, usikuze uso wa mtu aliye uchi au anayelia, na usizitumie kama mapambo ya nyuma wakati msimulizi anaongelea jambo jingine.

Lari itakufundisha zaidi. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau waliingia Lari, huko Kiambu, wakachoma nyumba za Luka Kahangara, aliyewahi kuwa chifu, na za jamaa za walinzi wa serikali. Waliokufa, makumi ya watu, wengi walikuwa wanawake na watoto. Mzizi wake ulikuwa ardhi: watu waliohamishwa Tigoni zaidi ya miaka kumi kabla, wengine wakakubali mashamba ya Lari, wengine wakakataa na kuambulia patupu. Serikali ilipiga picha, ikazichapisha na kuzisambaza duniani. Lakini kulikuwa na mauaji ya pili. Kuanzia usiku ule ule, walinzi na polisi waliwaua watu wengi kwa kulipiza, huenda wengi kuliko wa kwanza, na hao hawakupigiwa picha za kusambazwa. Kisha watu 71 wakanyongwa kwa mauaji ya kwanza. Kwa ya pili, hakuna.

Sasa wewe una picha za mauaji ya kwanza, kali mno, na huna hata moja ya mauaji ya pili. Ukizitumia zile peke yake, filamu itaegemea zilikoegemea tangu 1953. Ukiziacha, unawanyang'anya wafu wa kwanza ushahidi wao. Ningefanya hivi: picha moja tu ya mauaji ya kwanza, isiyoonyesha nyuso, na sauti ya msimulizi ikisema nani aliipiga na kwa nini ilisambazwa. Kwa mauaji ya pili, skrini iwe ardhi ya Lari ya leo, mashamba ya viazi na ukungu wa asubuhi, kwa muda mrefu kuliko ile picha, na msimulizi aseme waziwazi kwamba picha hazipo na kwa nini hazipo. Pengo nalo ni ushahidi, mradi ulitaje.

Kwa Zanzibar kuna zile picha za angani zinazozunguka kwenye simu za watu kila mwaka Januari ikifika. Zinatoka kwenye filamu ya Kiitaliano ya 1966, *Africa Addio*, ya Jacopetti na Prosperi. Ndani yake msimulizi aliibeba Afrika nzima kama bara linaloanguka baada ya Mzungu kuondoka, na maiti za Zanzibar wakawa mfano wake. Leo vipande vyake vimekatwa, vimewekewa muziki na maandishi mapya, kila kambi kwa kauli yake. Ukikutana na klipu ya namna hiyo, itafute filamu nzima kwanza. Angalia kinachotangulia na kinachofuata, sikiliza maneno ya awali, na ukiitumia andika kwenye kona: imetoka wapi, mwaka gani, ilipigwa na nani. Watu walioko chini pale hawakuwa mfano wa kitu chochote. Na mtu anayetazama Muscat au Dar anaweza akawa anamtafuta babu yake.

Hatua ya saba: maigizo na sauti

Ukiwa na bajeti ya damu bandia, iache nusu. Kunyongwa kwa viongozi wa Songea tarehe 27 Februari 1906 kunaweza kuonyeshwa bila mtu kuning'inia. Kuna maelezo ya mmisionari aliyewatembelea wafungwa gerezani kabla ya siku ile na kuwabatiza baadhi yao. Igiza hilo: maji mengine, tofauti na yale ya Ngarambe, yakimwagwa kwenye vichwa vya watu walewale, na wao wakijua kesho kuna nini. Halafu kata uende kwenye makumbusho ya leo pale Songea, kwenye kaburi la halaiki na majina yaliyoorodheshwa. Yasome yote. Mhariri atakuambia inachosha.

Nduna, yaani jemadari, Songea Mbano wa Wangoni ana kaburi la peke yake, na jamaa zake wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha, suala hilo lilikuwa mezani. Ukipata ruhusa ya kupiga picha mabaki ya binadamu kwenye makumbusho ya Ulaya, usizitumie kabla ukoo unaohusika haujaziona na kukubali.

Waigizaji wa ziada ukiwachukua kijijini, usimpe kijana wa pale nafasi ya askari mchoma ghala la bibi yake bila kuongea na nyumbani kwao. Filamu ikiisha wewe utaondoka, naye atabaki na jina la utani. Muziki weka kidogo. Filimbi ya huzuni haijawahi kuongeza ukweli.

Hatua ya nane: onyesho la kwanza

Onyesha kijijini kabla ya tamasha. Projekta, shuka jeupe, jenereta iliyowekwa mbali kidogo ili wasikie maneno. Waketishe wahojiwa mbele, na mtu wako mmoja awe na daftari. Watakurekebisha majina ya mito, watakuambia huyo bwana si mjukuu bali ni mpwa, na pengine mzee mmoja atasimama kukataa jambo zima. Tofautisha kosa na ubishi. Kosa unalirekebisha. Ubishi kati ya koo mbili unauacha uonekane kwenye filamu, kila upande kwa kauli yake, bila wewe kujifanya hakimu pale ambapo hati hazisemi kitu.

Picha ya jalada la mtandaoni chagua mwenyewe, usimwachie mtu wa masoko. Nimeona filamu za uangalifu mkubwa zikiwekewa fuvu, moto na maandishi mekundu ya "SIRI NZITO", na kesho yake maoni ya chini yamejaa matusi ya kikabila. Andika mapema sheria ya maoni na umteue mtu wa kuyafuta yanayochochea, hasa majuma mawili ya kwanza.

Mwisho ni mikanda. Mahojiano yote ambayo hayakuhaririwa, pamoja na tafsiri, fomu za ridhaa na orodha ya nani alisema nini, yahifadhi nakala tatu: moja yako, moja ya chuo au makumbusho yanayokubali kuitunza, na moja ya familia iliyosimulia, kwenye kadi ya kumbukumbu wanayoweza kuichomeka kwenye simu. Walioficha sura wasiwemo kwenye nakala za wengine. Na kwenye majina ya mwisho wa filamu weka anwani ambayo mtu mwenye hati au picha uliyoikosa anaweza kukuandikia, uwe unaifungua.